Virusi Havina Miguu

Kimwani, Muleba
12 Januari 2025

Mdogo wangu Avit,

Nakusalimu wewe, Alistidia na watoto. Sisi huku tu wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Kahawa imechanua kibanja kizima. Ukifungua mlango asubuhi harufu inakupokea kabla ya mtu yeyote. Ile migomba mitatu ya nyuma ya jiko imeshikwa na mnyauko. Nimeing'oa na kuichoma kama bwana shamba alivyoagiza. Ilikuwa ya Mama. Niliiwasha moto, nikageuka nikaitazama barabara.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu wewe ni mtu wa "sawa dada, sawa dada," kisha salio linakwisha na hatujaongea kitu. Barua angalau utaisoma mpaka mwisho.

Nawashukuru kwa Krismasi. Senene wa Alistidia nimewala mpaka nikaona aibu. Lakini zaidi ya vyote nakushukuru kwa ule ufunguo wa duka ulioniachia tarehe 26, mlipokwenda Hamugembe kwa wakwe zako. Nilikaa peke yangu mbele ya kompyuta yako nikamsikiliza Tata, baba yetu, anapiga kinubi chake cha enanga kwenye zile kanda ulizozihamishia humo. Kuna mahali Mama anafukuza kuku, na mimi nacheka, mtoto wa miaka kumi na tisa nacheka kama nina sita. Avit, nililia, na sikuwa na huzuni.

Sasa sikiliza. Tarehe 19 Julai itakuwa miaka kumi tangu tumlaze Tata. Nimeshaongea na Padri, misa itasomwa hapa hapa nyumbani. Nataka baada ya misa watu wakae uani wamsikie mwenyewe, na ule wimbo wake wa Kemilembe aliyekataa kuolewa ng'ambo ya ziwa Burigi. Ulete sauti hizo. Na uje na lile boksi la kanda zenyewe. Nataka nione mwandiko wake kwenye vile vikaratasi.

Dada yako,
Vestina

---

Kashai, Bukoba
9 Februari 2025

Dada Vestina,

Shikamoo. Barua yako ilifika na abiria mmoja wa Muleba, imekunjwa mara nne na ina alama ya mafuta, lakini inasomeka. Pole kwa goti, na pole kwa migomba ya Mama. Sisi tu salama. Alistidia anacheka sana habari ya senene. Anasema mwaka huu atakufichia kopo lako peke yako. Derick ameanza kidato cha nne, ameshanipita urefu. Jiji, kama tunavyojidai kuuita mji wetu huu, lina vumbi. Bodaboda zimekuwa nyingi mlangoni kwangu kiasi kwamba mteja lazima apite kiubavu.

Kuhusu misa, ni jambo jema sana. Tutakuja wote.

Umenikumbusha zile jioni. Unakumbuka Tata alivyokuwa hakubali kurekodiwa mpaka avae koti? Ile redio kaseti haina macho, lakini yeye lazima koti. Na wewe ndiye ulikuwa unabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, mimi siruhusiwi kugusa. Nilikuwa nakuonea wivu hadi nikawa naomba umeme wa betri uishe.

Kazi inaendelea. Kompyuta moja imekuwa nzito kidogo, nitaitazama. Ndiyo maana leo naandika kwa mkono.

Wasalimie majirani wote, hasa Ma Evodia. Mwambie mtoto wa kaka yake hajamsahau.

Mdogo wako,
Avit

---

Kimwani
2 Machi 2025

Mdogo wangu Avit,

Tumshukuru Mungu mvua imeanza. Ma Evodia amepokea salamu zako, akasema kama kweli hujamsahau utamletea sukari.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliifurahia. Mara ya pili nikaona kwamba hukunijibu habari ya kanda. Umeandika koti, umeandika betri, umeandika vitufe. Boksi hukuliandika.

Lipo jambo jingine. Jumatano nilikutana sokoni Muleba na Mwalimu Nathanael, yule niliyemfundisha darasa la nne, sasa anafundisha sekondari. Amekonda. Nikamwuliza, "Unaumwa?" Akasema, "Siumwi mimi, mwalimu. Zinaumwa kompyuta." Akanieleza kwamba kompyuta zote tatu za shule yao zimefungwa na virusi. Ukiwasha unakuta maandishi ya Kiingereza yanadai fedha, na kila faili limegeuzwa jina. Alama za kidato cha nne, kazi za mradi za wanafunzi, vyote havifunguki. Anadhani alivileta mwenyewe kwenye flashi, maana mapema Februari alikwenda Bukoba kuchapisha mitihani. Nikamwuliza alichapishia wapi. Akasema, "Kashai, steshenari moja yenye mlango wa kijani."

Sikumwambia kuwa mlango huo niliuchagulia rangi mimi.

Ni wewe?

Vestina

---

Kashai
Pasaka, 20 Aprili 2025

Dada Vestina,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Najua nimechelewa. Nilianza barua hii mara nyingi. Mvua imebomoa ukuta wa choo cha jirani, vinginevyo tu wazima.

Ni mimi.

Jumatatu ya tarehe 3 Februari nilifungua duka kama kawaida, nikawasha kompyuta kubwa, nikaona hicho alichokueleza Nathanael. Nilidhani ni mchezo. Nikaizima, nikaiwasha, nikaizima tena. Nikaanza kuitafuta sauti ya Tata. Faili zipo, zimepangana mwaka kwa mwaka, lakini zina majina kama maneno ya mtu anayeweweseka kwa homa. Hakuna hata moja iliyofunguka.

Utaniuliza kama sikuwa na nakala. Nilikuwa nayo, kwenye diski ya pembeni. Diski hiyo ilitakiwa kuchomolewa na kuwekwa kabatini kila jioni. Ilikaa imechomekwa mwaka mzima kwa sababu waya wake ulipita nyuma ya meza na nilikuwa mvivu wa kuinama. Nayo imeharibika vilevile.

Alistidia alimwita fundi, binti mmoja anaitwa Rahima, mwenye ofisi yake Rwamishenye. Alikaa siku mbili. Kwanza akaona paswedi yangu nimeiandika kwenye kalenda ukutani, akaguna. Kisha akaniuliza, "Baba Derick, hiki kidirisha chekundu kinachotokea hapa chini, ulikuwa unakifanya nini?" Nikamwambia kilikuwa kinatokea kila asubuhi kusema antivairasi imekwisha muda, nami nilikuwa nabonyeza pale palipoandikwa "nikumbushe baadaye." Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu mwaka juzi. Nikamwambia labda virusi hivi vimeingia vyenyewe kwa njia ya intaneti, maana dunia imeharibika. Akatikisa kichwa. "Virusi havina miguu, Baba. Vinabebwa. Hapa kuna mkono wa mtu."

Akatafuta tarehe ya faili la kwanza lililoingia. Lilikuwa la Desemba. Lilijificha zaidi ya mwezi, likawa linajinakili kwenye kila flashi iliyochomekwa, ndipo likafunga kila kitu.

Sasa lililo baya kuliko hayo. Nina kompyuta mbili, unazijua. Ile ndogo haikufungwa siku hiyo. Kesho yake, tarehe 4, alikuja Mwalimu Nathanael na mitihani yake. Nilijua kuna ugonjwa dukani. Nilijua, dada. Lakini watu walikuwa wamepanga foleni hadi nje, na niliona aibu kuandika mlangoni "tumefunga, tuna virusi," kama nyumba yenye kipindupindu. Nikachukua flashi yake nikaichomeka kwenye ile ndogo. Nikamchapishia. Akanishukuru.

Niliendelea hivyo wiki mbili, mpaka ile ndogo nayo ikafungwa. Sijui ni flashi za watu wangapi.

Sauti ya Tata hakuna. Rahima anasema nisitume fedha kwa wale watu, sitarudishiwa chochote. Nisamehe, au usinisamehe, lakini usiache kuniandikia.

Avit

---

Kimwani
11 Mei 2025

Avit,

Barua yako nimeipata.

Kanda ziko wapi?

Vestina

---

Kashai
25 Mei 2025

Dada Vestina,

Shikamoo.

Tulipohama vyumba vile vya kupanga vya karibu na soko, mwaka 2021, mwenye nyumba alitupa siku tatu. Maboksi mengi tuliyaweka barazani. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Nilipolifungua boksi la Tata, kanda zilikuwa zimeota ukungu mweupe, na vile vikaratasi vyenye mwandiko wake wino umekimbia. Alistidia alisema, "Tuzianike, huenda zikapona." Mimi nikasema, "Za nini tena? Vyote viko kwenye kompyuta." Gari la taka lilikuwa linapita. Nilimkabidhi boksi yule kijana wa gari mkononi, hata kulitupa sikulitupa, nilimkabidhi kama mtu anayempa mwenzake zawadi.

Ndiyo maana sikukujibu Februari. Na kwa miaka minne kila ulipozitaja nilikuwa nasema zipo kabatini.

Hilo sina wa kumsingizia.

Nimeuza ile kompyuta kubwa? La. Iko chini ya meza, nimeifunika kitenge. Rahima anasema huenda siku moja watu wakapata ufunguo wa virusi hivi, hutokea, nisiifute. Kwa hiyo siifuti. Ila sikudanganyi tena: sitegemei.

Wiki iliyopita nilikwenda Muleba kwa Nathanael. Nilimkuta ofisini, ana madaftari mpaka kidevuni. Nikamwambia mimi ni nani na nilifanya nini. Akaniuliza swali moja tu. "Mzee, siku ile ulipochukua flashi yangu, ulikuwa unajua?" Nikasema, "Nilikuwa najua." Akachezea kifuniko cha kalamu. Halafu akavuta kiti. "Kaa basi," akasema. "Unajua kuchapa haraka. Nisomee, au nikusomee?"

Tulichapa alama kutoka kwenye madaftari hadi saa kumi na moja. Nitakwenda kila Jumamosi, na Rahima amekubali kuja kusafisha kompyuta zao. Lakini zile kazi za mradi hazikuwa na nakala ya karatasi. Watoto wanaanza upya. Msichana mmoja alikuwa amemhoji babu yake habari za vita vya Kagera, na babu amefariki Machi. Nilimwomba radhi. Akanijibu, "Hamna shida, shikamoo," kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni yeyote. Ningependa angenitukana.

Avit

---

Kimwani
29 Juni 2025

Mdogo wangu Avit,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yako. Tumeanza kuvuna kahawa. Mwaka huu imezaa vizuri, mikeka imejaa uani na kuku wa jirani wamejiita wenyewe.

Nimekaa na barua zako mbili mwezi mzima. Hasira ya kanda ilinishika, sitasema haikunishika. Nilikuwa nachuma kahawa nakugombeza kwa sauti, mpaka Ma Evodia akauliza naongea na nani. Lakini kila nilipotaka kukuandikia maneno makali mkono ulikataa, na ninajua kwa nini ulikataa.

Uliniandikia kwamba Rahima alitafuta tarehe. Ukaandika "Desemba," ukaishia hapo. Wewe ni mtu wa tarehe, Avit. Uliandika tarehe 3, ukaandika tarehe 4. Ya Desemba hukuiandika.

Nitaiandika mimi. Ni tarehe 26, mchana, baina ya saa nane na saa kumi.

Nilipokuwa nakuja Krismasi niliokota flashi kwenye kiti cha gari, ina kamba nyekundu. Nilitaka kumpa kondakta, nikasema atairudisha kwa nani? Nikaitia mkobani. Siku ile mliponiachia ufunguo nilimsikiliza Tata kwanza, kama nilivyokwambia. Kisha nikaikumbuka. Nikasema ngoja nione ni ya nani, pengine kuna jina. Huo ndio uongo niliojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka tu kuona vitu vya watu. Nikaichomeka kama nilivyoona wateja wako wanavyofanya. Kulikuwa na kitu kimoja tu, kimeandikwa "Picha za Harusi." Nikabofya. Kioo kikawa cheusi, kikarudi. Hakuna harusi. Nikabofya tena. Nikabofya mara ya tatu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo angepaswa kuipita.

Nilipoona hakifunguki nikaichomoa, nikaenda kuitupa chooni kwenu. Mtu asiyejua kuwa amekosea hatupi kitu chooni, Avit. Sikujua ni kosa gani, lakini nilijua ni kosa. Na mliporudi nikawaambia nilikuwa namsikiliza Tata tu.

Kisha nikamtazama Nathanael usoni pale sokoni, nikakuandikia "Ni wewe?" Mimi, mwalimu wa miaka thelathini na tatu darasani.

Sina nguvu ya kuandika zaidi leo.

Vestina

---

Kashai
6 Julai 2025

Dada yangu,

Shikamoo sana. Barua yako imefika jana, nami najibu leo, uone kwamba naweza.

Nilijua tangu Februari. Rahima alinionyesha: tarehe 26 Desemba, saa tisa na dakika kumi. Akaniuliza, "Siku hiyo nani alikuwa na ufunguo?" Alistidia alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilihisi anavuta pumzi ili aseme. Nikamwahi. Nikasema, "Mimi." Rahima aliandika kwenye daftari lake. Njiani kurudi nyumbani Alistidia akaniuliza kwa nini nimesema uongo. Nikamwambia, "Alikwenda kumsikiliza baba yake. Nitamwambiaje kwamba siku hiyo ndiyo aliyompoteza?"

Lakini usinione mwema. Sehemu nyingine nilinyamaza kwa sababu ya kanda. Nilifikiri ukiniuliza habari ya kanda nitakuwa na cha kukurudishia. Niliweka kosa lako akiba ili siku moja linikinge. Nilipokuandikia Mei nililiona limekaa pale mkononi, tayari, nikashindwa kulitumia. Hapo ndipo nilipopata usingizi.

Tena flashi yako haingefanya kitu kama ningekijali kile kidirisha chekundu. Na diski ingekuwa kabatini, tungekuwa naye. Na kanda zingeanikwa, tungekuwa naye. Ukihesabu milango yote iliyoachwa wazi, wewe umepita katika mmoja tu, tena nilikupa ufunguo mwenyewe.

Jumamosi iliyopita tumemaliza alama za Nathanael. Watoto wamebakiza kazi chache.

Tutafika tarehe 17 kusaidia kupika. Enanga ya Tata bado inaning'inia sebuleni kwako? Usiishushe, nitaishusha mwenyewe. Na sukari ya Ma Evodia nimeshainunua.

Avit

---

Kimwani
27 Julai 2025

Mdogo wangu Avit,

Natumaini mlifika salama na ndizi hazikusagika njiani. Nyumba imekuwa kimya mno. Bado naokota vikombe kwenye kibanja, jana nimekuta kimoja juu ya mti wa kahawa, sijui ni nani aliyekunywa pombe ya rubisi akiwa amepanda.

Ulikuwa hapa juzi tu, na tulikaa meza moja siku nne, lakini kuna jambo ambalo sikuweza kulisema mbele ya watu. Ndiyo maana nakuandikia.

Padri alipomaliza, na watu wakakaa uani wakinitazama, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimewaahidi sauti ya Tata tangu Januari. Nilisimama nikawaambia ukweli, kwamba sauti hatunayo tena, tumeipoteza sisi watoto wake wawili kwa uzembe wetu. Nilisema "sisi wawili," nikakuona umeinamisha kichwa. Wazee wakaguna. Ma Evodia peke yake ndiye aliyesema kitu. "Basi kaeni kimya tuone ni nani bado anaukumbuka wimbo wake."

Akaanza yeye na maneno ya Kemilembe, bila enanga. Alipofika pale Kemilembe anapoukataa mtumbwi wa kumvusha, akapotea. Mzee mmoja akamrekebisha. Mwingine akamrekebisha yule mzee. Wakaanza kubishana kama Kemilembe alikuwa amevaa lubugo, lile vazi la magome, au kaniki, na vijana wakacheka, na simu za watu zikatoka mifukoni. Hapo ndipo wewe ukaingia ndani, ukarudi na enanga, na ule uzi mpya wa mshipi wa kuvulia ulioufunga jana yake huku unajikata vidole.

Sikujua kwamba unaweza. Tata hakukufundisha, hakuwa na subira na wewe. Kumbe ulikuwa unatazama.

Nilifumba macho, Avit. Ninakwambia kweli, haikuwa sauti ya Tata. Ya kwako ni nyembamba na inakwaruza, na kidole chako kizito. Mwanzoni iliniuma kuisikia. Kisha ukafika kwenye ule ubeti wa maji, ukaurudia mara mbili kabla ya kuendelea, kama Tata alivyofanya siku zote.

Baada ya watu kutawanyika nilimwuliza Ma Evodia kwa nini ubeti ule unarudiwa. Akasema, "Haurudiwi. Baba yetu aliyemfundisha Kahigi, baba yenu, alikuwa haurudii. Kahigi alikuwa anausahau unaofuata, basi anarudia wa nyuma huku akiutafuta. Tulikuwa tunamcheka sana ujanani."

Maisha yetu yote tulidhani ndivyo ulivyo wimbo.

Watu wote waliokuwa uani wameurekodi hivyo hivyo, na kosa lake ndani. Ma Evodia anataka nikuandikie urekebishe. Mimi nakuomba usiurekebishe.

Dada yako,
Vestina